Watoto wa Tumbo Moja, Homa Mbili

Kila mama aliyelea watoto zaidi ya mmoja analijua jambo hili bila kufundishwa na daktari: watoto hawafanani hata katika kuugua. Mmoja akishikwa na malaria anachemka usiku mmoja, anatapika, na akishapata dawa keshokutwa yuko nje anakimbizana na wenzake. Ndugu yake, anayelala naye kitanda kimoja chini ya chandarua kilekile kilichotoboka, anapanda joto mpaka macho yanageuka na mwili unakakamaa. Wote wawili wamenyonya titi moja na kula chungu kimoja. Sasa tofauti imetoka wapi?

Swali hili si dogo kwetu huku Mbinga na ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Limevunja nyumba za watu. Mahali pasipo na jibu, jibu hutafutwa, na mara nyingi anayepatikana ni mwanamke: ama bibi mzee anayeishi peke yake, ama mke aliyeolewa kutoka mbali akaja, wasemavyo, "na damu yake". Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na ambao siku za mapumziko tunazunguka kutembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa kanisa, tumeyasikia maneno hayo sebuleni na wodini. Wanafunzi wa Yesu nao walitaka kujua kosa la nani lilimfanya mtu azaliwe kipofu. Swali lao bado lina waulizaji wengi.

Siku hizi wataalamu wana sehemu ya jibu. Tunasema sehemu, kwa maana tutaona mbele kwamba hata wao wamelazimika kurudi nyuma mara kadhaa.

Moto wa mwilini

Mama akijikata kidole kwa jembe wakati wa kufukia nyasi za ngolo, kesho yake kidole kinakuwa chekundu, cha moto, kimevimba na kinauma. Dalili hizo nne tulizikariri tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Hali yenyewe huitwa mchochota. Si ugonjwa, bali ni mwili unaojitetea. Chembe nyeupe za damu zimemwona adui, nazo zinatoa protini ndogondogo zinazosafiri katika damu kama wajumbe. Wajumbe hao huitwa saitokini. Mmojawapo anajulikana kwa herufi TNF, wengine ni interleukini ya 1 na ya 6. Wanaziita chembe nyeupe nyingine zije, wanauambia ubongo upandishe joto, na wanaliambia ini litoe protini nyingine za kusaidia. Moja ya hizo za ini ndiyo ile CRP ambayo baadhi ya hospitali huipima.

Malaria hufanya kazi hiyohiyo mwili mzima. Vijidudu vyake hukua ndani ya chembe nyekundu, na baada ya saa 48 hivi chembe hizo hupasuka, uchafu ukamwagika katika damu. Hapo chembe nyeupe hupiga yowe, TNF hupanda, na mtoto anatetemeka meno yakigongana. Kwa hiyo ile homa tunayoilaumu si kazi ya kijidudu peke yake. Kwa sehemu kubwa ni jibu la mwili wenyewe.

Na jibu hilo lina kiasi chake, kama moto wa mafiga. Ukiwa mdogo mno, chakula hakiivi, vijidudu vinaendelea kuzaana. Ukizidi, chungu kinapasuka. Miongoni mwa watoto wenye malaria kali ya kichwani, madaktari wamekuta TNF nyingi kupita kiasi katika damu ya wale waliozidiwa zaidi. Ndipo lilipoanza swali: kwa nini mtoto huyu awashe moto mkubwa hivi, na yule wa kiasi?

Maandishi tuliyorithi

Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maelekezo ya urithi, yanayoitwa jeni. Hebu tuyafananishe na maelezo ya mapishi. Kila saitokini ina maelezo yake, na maelezo ya TNF yako katika kromosomu ya 6. Watu wawili wanaweza kuwa na maelezo yanayofanana karibu yote, isipokuwa herufi moja mahali panaposema kiasi. Kwa mmoja pameandikwa kijiko kimoja cha chumvi, kwa mwingine viwili. Chakula ni kilekile, ladha si ileile.

Mwaka 1994 watafiti waliokuwa wakifanya kazi nchini Gambia walitangaza habari iliyowashangaza wengi. Waliwachunguza watoto wenye malaria ya kichwani, wakatazama herufi moja iliyo jirani na jeni ya TNF. Watoto waliokuwa wamerithi aina fulani ya herufi hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, hatari yao ya kufa au kubaki na ulemavu mkubwa wa ubongo ilikuwa mara saba ya wengine. Mwaka 2002 watoto wa Tanzania na Kenya nao wakaingia katika habari hizi: waliokuwa na herufi fulani katika jeni inayoongoza utengenezaji wa naitriki oksaidi, gesi ambayo mwili huitumia kupunguza makali ya malaria, walionekana kukingika zaidi.

Lakini utafiti mmoja haujengi nyumba. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya uchunguzi mkubwa kuliko yote ya kabla yake, wa wagonjwa 11,890 wa malaria kali na watu wengine 17,441 wa kulinganisha nao, kutoka sehemu 12 za Afrika, Asia na Oseania, Tanzania ikiwamo. Alama nyingi zilizokuwa zimetajwa zamani, ile ya TNF ikiwa mojawapo, hazikuthibitika. Zilizosimama imara zilikuwa chache, kama kundi la damu O, na ile ya selimundu ambayo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliieleza tangu mwaka 1954: mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu amekingwa sana na malaria kali, lakini aliyerithi kwa wazazi wote wawili anaugua ugonjwa wenyewe.

Tunayaandika haya ili mama asije akauziwa maneno. Hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kusema homa ya mtoto wako itakuwa kali au nyepesi. Anayekuja kijijini na chupa ya kusafisha "damu ya ukoo" anatafuta fedha yako. Linalobaki hakika ni hili: kiasi cha moto wa mwili kinatofautiana mtu na mtu, na sehemu ya tofauti hiyo tumezaliwa nayo. Uchunguzi wa mapacha na wa familia, hasa Ulaya na Marekani, unaonyesha kwamba katika tofauti za CRP kati ya watu wazima wenye afya, urithi unachangia kiasi cha robo hadi nusu. Nyingine inatoka kwingine.

"Limeshuka na wewe kutoka mlimani"

Mama mmoja mzaliwa wa milimani, Umatengo, aliolewa na mvuvi upande wa Mbamba Bay. Mtoto wake wa kwanza hakuwa na shida. Wa pili alipata degedege mara mbili katika mwaka mmoja. Tulipokwenda kumwona tulimkuta wifi yake amekaa mlangoni, na hakungoja tumalize kusalimia.

"Kwetu hakuna degedege," alisema. "Hili limeshuka na wewe kutoka mlimani."

Tulimwambia, "Dada, mtoto huyu amechukua nusu ya urithi wake kwa mama yake, na nusu kwa kaka yako. Ukiufungua mfuko wa mmoja, ufungue na wa mwingine."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yetu yote: "Basi yule wa kwanza je? Si wa wazazi walewale?"

Bibi wa mtoto alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Tukamwomba ungo. Maharage ya rangi mbalimbali yamechanganyika. Fumba macho, chota konzi moja kwa mama, konzi moja kwa baba, hayo ndiyo mtoto wa kwanza. Yarudishe, changanya, chota tena. Hutapata konzi zilezile. Kila mimba ni uchotaji mpya. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu tu ya urithi wao, na ndiyo maana mmoja ana pua ya babu na mwingine hana.

Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuhusu urithi hata kidogo. Mtoto yule wa pili alikuwa amelelewa muda mrefu kwa bibi mzaa mama, huko juu. Mbinga mjini iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Watoto wa ufukweni huumwa na mbu mara kwa mara, na mwili wao hujifunza polepole kupambana na malaria bila kuwasha moto mkubwa. Mtoto aliyekaa kwenye baridi na mbu wachache hakujifunza, au alichojifunza kimefifia. Akishuka ziwani, anakutana na ugonjwa kama mgeni. Kaka yake alikuwa mwenyeji. Wenye watoto wanaopanda na kushuka wakati wa likizo wasilisahau hili: mtoto ashuke na chandarua chake kizima, chenye dawa.

Na homa ya mtoto mdogo isilale nyumbani. Zahanati nyingi zina kipimo cha haraka cha malaria, na dawa mseto ikianzwa mapema moto haupati nafasi ya kukua. Degedege likitokea, mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali. Mganga wa kumfukiza atakula saa ambazo ubongo wa mtoto hauna.

Alama tuliyo nayo karibu sote

Kuna urithi mwingine ambao pengine msomaji unao sasa hivi unaposhika gazeti hili. Juu ya chembe nyekundu za watu wengi wa Ulaya na Asia ipo protini iitwayo Duffy. Kazi yake mojawapo ni kunasa baadhi ya molekuli za mchochota zinazopita katika damu, kama sifongo inavyofyonza maji. Chembe nyekundu za Waafrika wa kusini mwa Sahara, karibu sote, hazina protini hiyo, kwa sababu ya herufi moja tu iliyobadilika. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba malaria ya aina ya vivaksi huitumia Duffy kama mlango wa kuingilia. Kwetu mlango huo haupo, ndiyo maana aina hiyo hutupata kwa nadra. Inayotusumbua ziwani ni falsiparamu, ambayo ina milango yake mingine.

Herufi hiyohiyo hubadilisha kiasi cha baadhi ya molekuli za mchochota zinazopimwa katika damu. Vilevile hufanya chembe nyeupe za aina ya neutrofili ziwe chache kuliko za Wazungu, jambo lililoelezwa vizuri mwaka 2008. Viwango vingi vya maabara viliwekwa kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani. Basi mama akiambiwa chembe nyeupe zake "ziko chini kidogo", asianze kuandika wosia. Amuulize daktari kama huenda hicho ndicho kiasi chake cha kuzaliwa. Tumeona mtu mzima mwenye afya akikonda kwa hofu ya karatasi.

Watu 323 wa Kilimanjaro

Mpaka hapa tumezungumza juu ya moto unaowaka ghafla na kuzimika. Upo mwingine, wa makaa, usiotoa moshi. Mtu hana homa, hana kidonda, lakini wajumbe wa mchochota wako juu kidogo mwaka hadi mwaka. Moto huo unahusiana na kisukari, magonjwa ya moyo na ya mishipa. Hapa akina mama wengi tunaowapima shinikizo la damu baada ya ibada hutujibu kwa sauti ya kukata tamaa: "Kwetu ni ya ukoo, mama alikufa nayo, nami nitakufa nayo."

Basi tusikie habari kutoka Moshi. Godfrey Temba, Vesla Kullaya na wenzao wa KCMC na taasisi yake ya utafiti, wakishirikiana na Quirijn de Mast, Mihai Netea na wengine wa Chuo Kikuu cha Radboud kilichoko Nijmegen, Uholanzi, walichukua damu ya watu 323 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro, wa mjini na wa vijijini. Damu hiyo waliichanganya maabara na vijidudu mbalimbali, wakapima saitokini zilizotoka. Katika matokeo ya mwaka 2021, damu ya watu wa mjini ilionyesha mchochota zaidi. Ya watu wa vijijini ilikuwa tulivu, na ndani yake mlikuwa na vitu vingi zaidi vinavyotokana na mimea inayoliwa, kikiwamo kimoja kiitwacho apijenini, ambacho hutuliza mchochota.

Mwaka 2022 wakatoa sehemu ya urithi. Walitafuta ni herufi zipi zinazoongoza kiasi cha saitokini kwa Watanzania hao, wakazilinganisha na zilizojulikana kwa watu wa Ulaya. Hazikuwa zilezile. Ni jambo kubwa, ingawa halikutangazwa kwa ngoma. Maana yake ni kwamba dawa na vipimo vinavyotegemea jeni za Ulaya haviwezi kuletwa kwetu na kuvaliwa kama shati la mtumba.

Kilichotugusa zaidi ni cha mwaka 2025. Safari hii walichukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea mlo wa asili wa Kilimanjaro, wenye ndizi, jamii ya kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, baadhi yao walilishwa majuma mawili vyakula vya kizungu vya kukaanga na vya viwandani. Waliozoea vyakula hivyo vya kisasa, wengine walirudishwa kwenye mlo wa asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa juma moja. Bibi mmoja wa kikundi chetu aliposimuliwa haya aliuliza: "Na nani aliwapikia?" Swali halali, na tungependa siku moja wanawake nao wapimwe hivyo.

Walioingia kwenye vyakula vya kisasa, protini za mchochota zilipanda katika damu yao, na chembe zao nyeupe zikapungua nguvu za kuwajibu vijidudu. Waliorudi kwenye mlo wa asili, mchochota ulishuka. Waliokunywa mbege nao mchochota wao ulipungua. Baada ya majuma manne mengine, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana. Sasa fikiri: wanaume hawa jeni zao hazikubadilika hata herufi moja katika majuma hayo mawili. Kilichobadilika ni sahani. Anayesema "ni ya ukoo" hasemi uongo, lakini amesoma ukurasa mmoja.

Vyungu vyetu

Sisi si Wachaga, na hatuli kiburu. Lakini tukikitazama chakula cha bibi zetu hatuko mbali. Juu milimani, ngolo zimetupatia mahindi na maharage miaka mingi. Mwanamume hukata na kupanga nyasi, mwanamke hufukia udongo na kupanda maharage. Ziwani kuna ugali wa muhogo, dagaa waliokaushwa mchangani, matembele na kisamvu. Chakula hiki hakikuletwa na mtaalamu, na ndicho tunachokionea haya mgeni akija, tukakimbilia soda na mkate mweupe.

Hatumwambii mama mwenye vibanda vya chipsi barabarani afunge biashara. Watoto wake wanasoma kwa chipsi hizo. Tunamwambia nyumbani kwake asizifanye chakula cha kila jioni. Mahindi yakisagwa dona, nyuzinyuzi zinabaki. Yakikobolewa kuwa sembe, sehemu kubwa inakwenda kwa kuku. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mgonjwa wa sukari au wa presha asiache dawa zake kwa ajili ya maharage. Vyote viwili viende pamoja.

Kuhusu mbege, tumeulizwa tayari, hasa na waume zetu. Mbege ina pombe, na waliopimwa walikuwa wanaume wenye afya, kwa juma moja, chini ya macho ya madaktari. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuhamia kilabuni. Sisi tunayo togwa, ambayo huchachushwa bila kufika kwenye ulevi. Katika utafiti uliofanywa Tanzania miaka ya 1990, watoto wadogo waliopewa uji wa nafaka uliochachushwa walionekana kuwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye choo chao. Tusiseme kwamba inashusha mchochota kama mbege ilivyofanya Moshi, maana hilo ni jambo jingine. Lakini ni kinywaji chema, mradi uji uive vizuri, ndoo iwe safi na yenye kifuniko, na mtoto aliye chini ya miezi sita abaki na ziwa la mama peke yake. Ikikaa siku nyingi ikaanza kuwasha ulimi na kutoa povu, hiyo si togwa tena, usimpe mtoto.